Je, wajua? Mita ya urefu kwenye ndege haipimi urefu

Wachoraji wa kompyuta wana namna nzuri ya kuonyesha vifaa vya chumba cha rubani: kasha huchorwa kama la kioo, ukaligeuza kwenye skrini na kuona hadi skrubu ya mwisho. Itazame hivyo altimita, mita inayomwonyesha rubani yuko futi ngapi angani. Hutakuta chochote kinachoelekea ardhini. Utakuta vikopo viwili au vitatu bapa, vya chuma chembamba chenye mikunjo, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Vimetolewa hewa karibu yote, kisha vikazibwa. Baada yake ni vijiti, giya na mishale, basi.

Kasha lenyewe limeunganishwa kwa mrija na vitundu vidogo ubavuni mwa ndege, kwa hiyo hewa iliyomo ni ile ya nje. Ndege ikipanda, mgandamizo wa hewa hiyo hupungua na vikopo hutanuka, kama pakiti ya krispi iliyonunuliwa Mombasa inavyovimba ikifikishwa Nairobi. Mtanuko ni mdogo mno. Giya ndizo zinazoukuza, hata mshale mrefu ukazunguka duara zima kila futi 1,000.

Kinachopimwa, basi, ni mgandamizo, na futi ni hesabu tu iliyochorwa usoni mwa mita. Kwenye futi 18,000 mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo hesabu inawezekana. Taabu ni kwamba mgandamizo hubadilika na hali ya hewa hata ndege ikiwa imeegeshwa.

Dawa yake ilitoka kwa Paul Kollsman, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani. Mwaka 1928 alitoa altimita sahihi kuliko zilizotangulia, yenye kidirisha ambamo rubani huweka mgandamizo wa siku hiyo kwa kuzungusha kitufe. Tarehe 24 Septemba 1929, rubani Mmarekani Jimmy Doolittle aliruka na kutua jimboni New York akiwa amefunikwa asione nje, akitegemea vifaa tu, altimita hiyo ikiwa mojawapo.

Hadi leo rubani anayekaribia Nairobi hupewa namba ya mgandamizo wa siku hiyo na waongoza ndege. Akiiweka sawasawa, magurudumu yakigusa lami mita itasoma futi 5,330 hivi, maana uwanja wa Jomo Kenyatta uko juu kiasi hicho kutoka usawa wa bahari. Akiacha namba iliyozidi kwa hektopaskali 10 (hektopaskali ni kizio cha mgandamizo), mita itamwonyesha yuko juu kwa karibu futi 300 kuliko alipo kweli. Usiku wa mawingu, futi 300 ni nyingi.

Kwenye ndege za kisasa mishale imeondoka na skrini zimeingia, ila vile vitundu vya ubavuni viko palepale. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú, shirika la ndege la Peru, iliondoka Lima usiku ikiwa imebandikwa utepe juu ya vitundu hivyo. Ulikuwa umewekwa wakati wa kuosha ndege, ukasahaulika. Kompyuta zikawa zinasoma hewa iliyonaswa mrijani. Marubani walimuuliza mwongoza ndege wako urefu gani, naye akawajibu futi 9,700. Kumbe urefu aliouona kwenye skrini yake ulirushwa na ndege ileile, kutoka kwenye vitundu vilevile. Ndege iliangukia baharini, watu wote 70 wakafa.

Ndani ya ndege hiyo kilikuwamo kifaa kingine, altimita ya redio, ambayo hurusha mawimbi chini na kupima muda yanaochukua kurudi. Hiyo haihitaji vitundu. Ilifanya kazi vizuri, na tahadhari ya kuwa karibu mno na ardhi ililia, lakini ililia katikati ya ving'ora vingine vilivyopingana, na marubani hawakujua wakiamini kipi.