Kwa nini tunairushia heliamu antiprotoni

Watu wakisikia kuwa kazi yangu ina uhusiano na antimata, yaani chembe pacha za zile za kawaida zenye chaji kinyume, huniuliza kwanza habari za mabomu, kisha vyombo vya angani. Mimi antimata naipendea jambo lisilo na makeke: inatusaidia kuichunguza atomu ya kawaida.

Chukua protoni na antiprotoni. Uzito wake ni uleule, ila chaji ya moja ni chanya na ya nyingine ni hasi. Zipitishe kwa kasi moja karibu na atomu ya heliamu, yenye elektroni mbili, na kilichobadilika ni ile alama tu. Sasa, hesabu tunayoanza nayo darasani, ukadiriaji wa mwanafizikia Max Born, inasema uwezekano wa kung'oa elektroni hufuata mraba wa chaji. Hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo majibu yalipaswa kuwa sawa.

Mwaka 1986 jambo hili lilipimwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, kwa antiprotoni za pete yake ya LEAR zenye nishati ya milioni kadhaa za elektronivolti. Kwenye kung'oa elektroni moja, protoni na antiprotoni zilikwenda karibu sambamba. Kwenye kung'oa zote mbili, antiprotoni zilifanikiwa karibu mara mbili ya protoni! Mara mbili si kosa la vipimo.

Maelezo yake ni haya. Elektroni mbili zinaweza kutoka kwa njia mbili. Ama chembe inayopita inaigonga moja, nayo ikitoka inamvuruga mwenzake naye akatoka. Ama chembe yenyewe inazigonga zote, moja baada ya nyingine. Amplitudo, yaani namba ambayo mraba wake hutupa uwezekano, kwa njia ya kwanza hufuata chaji, kwa ya pili hufuata mraba wa chaji. Katika kwantumu tunajumlisha amplitudo kwanza, ndipo tunatafuta mraba. Hapo huzaliwa kijumlisho kinachofuata chaji kwa kipeo cha tatu (chaji mara chaji mara chaji), na hicho hugeuka alama. Kwa antiprotoni kinaongeza, kwa protoni kinapunguza. Na kama elektroni za heliamu zisingekuwa zinasukumana, kisingekuwepo kabisa. Kwa hiyo tofauti ile inapima jinsi elektroni hizo zinavyohusiana ndani ya atomu, kitu ambacho protoni peke yake isingetuonyesha.

Wasio na pete ya CERN hutumia positroni, pacha wa antimata wa elektroni. Sodiamu-22, aina ya sodiamu yenye mnururisho ambayo nusu yake huoza kila miaka 2.6, huzitoa yenyewe. Unazipunguza kasi kwa neoni iliyogandishwa. Positroni ina ujanja wake: inaweza kuondoka na elektroni ya atomu, zikawa jozi iitwayo positroniamu. Kuing'oa elektroni ya heliamu kunahitaji elektronivolti 24.6, lakini muungano huo unarudisha 6.8, hivyo 17.8 zinatosha. Kwetu sisi wa nadharia hapo ndipo pagumu, maana elektroni ileile inabidi ihesabiwe ikiwa kwenye kiini na ikiwa kwa positroni kwa wakati mmoja, na kompyuta yangu hutumia muda mwingi zaidi kwenye kipande hicho kuliko kingine chochote.