Siri za mteja wa ushauri nasaha: yanayosemwa Kisumu na ukweli wenyewe

Wengi wanaomwendea mshauri nasaha hapa Kisumu huja na mojawapo ya imani mbili: ama watakayosema yatatangulia kufika mtaani Kondele, ama hayatatoka kamwe. Zote mbili hupotosha, lakini ya pili ndiyo huumiza zaidi.

"Ni siri hadi kaburini." Siri ndiyo msingi wa kazi hii, na kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Hata hivyo ina mipaka. Mteja akitishia kujiua au kuua, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru, mshauri hawezi kunyamaza. Huko California, kesi ya Tarasoff ya 1976 iliamua kwamba mtaalamu wa tiba ya akili ana wajibu wa kumlinda mtu ambaye mgonjwa wake anatishia kumdhuru. Msichana aliyetishiwa alikuwa ameuawa mwaka 1969 bila kuonywa. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Kenya, lakini hoja yake imefika mbali.

Kosa ninaloliona ni kuchelewa. Mipaka itajwe kikao cha kwanza, kwa Kiswahili au Kijaluo, kabla mteja hajafungua moyo. Msichana wa miaka 14 aliyeahidiwa siri ya milele, kisha akamkuta afisa wa watoto mlangoni, hatamwamini mtu mzima mwingine upesi. Na ripoti ikitolewa, iwe ya kiasi kinachohitajika tu. Afisa wa watoto ana haki ya kujua mtoto amefanyiwa nini. Mzee wa nyumba kumi hahitaji kusikia ndoa ya mama wa mtoto huyo ilivyovunjika.

"Mume ndiye amelipa, basi aambiwe." Hapana. Akitaka kujua, amuulize mkewe.

"Nimepokea msaada, picha yangu ni ya walionipa." Hii hunikera. Nyando au Budalang'i yakifurika, familia hulala shuleni, na mama hupigwa picha akipokea unga. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari. Hiari gani hiyo, watoto wakiwa na njaa na gunia likiwa mkononi mwa mwenye kamera? Unga utangulie, na anayekataa picha asipunguziwe hata kibaba. Habari za afya ni nyeti zaidi: majina ya wanaomeza dawa za kupunguza makali ya virusi hayana nafasi katika kundi la WhatsApp.

"Kumpa mshauri kuku ni hongo." Si lazima. Kanuni za 2014 za chama cha washauri cha Marekani hazipigi zawadi marufuku. Zinamtaka mshauri apime thamani yake, nia ya mtoaji na mila zake. Kuku wa shukrani kutoka Bondo si ng'ombe anayeletwa siku moja kabla ya ripoti kwenda mahakamani.

"Mshauri amenipita soko la Kibuye bila salamu, anajidai." Huenda anakulinda. Wengi hungoja mteja aamkue kwanza, wasije wakamlazimisha kueleza wamejuana wapi.

"Shangazi mwenye busara anatosha." Kwa kusikiliza, ndiyo, tena pengine kuliko wengi. Lakini Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 iliweka bodi ya kuwasajili wanaoifanya kazi hii, hivyo omba kuona cheti cha usajili kabla ya kulipa.