Benzi ya Mwaka 2004: Yanayosemwa na Niliyoyakuta

Mlango wa Benzi ukiufunga haupigi kelele. Unajibana kwa sauti nzito, fupi, na makelele yote ya Kimara yanabaki nje. Hicho ndicho kilichonishika siku ya kwanza nilipokaa kwenye E320 ya mwaka 2004, toleo ambalo mafundi wanaliita W211, iliyokuja kutoka Japani. Tangu niinunue nimesikia mengi juu ya magari haya. Mengine yanawatia watu hasara, mengine yanalionea gari zuri, na yote mawili yananiuma.

"Siku hizi bei yake ni kama ya Toyota IST, basi na matunzo ni hayo hayo."

Bei imeshuka kweli, lakini gari limebaki lile lile. Injini ya E320 hii, V6 ya lita 3.2, yaani yenye silinda sita, ina plagi mbili kwa kila silinda. Nilimpelekea fundi plagi sita kutoka maduka ya spea ya Gerezani. Akafungua boneti, akaninyooshea kidole: "Kaka, hesabu mwenyewe." Zilikuwa 12. Oil ya injini nayo ni karibu lita 8, wakati IST inatosheka na galoni moja ya lita 4. Na hapo hakuna kilichoharibika, ni sevisi tu. Ukimaliza akiba yote kwenye kununua, utalipaki.

"Kilomita chache, gari zima."

Langu lilikuwa na kilomita 61,000. Hata kama namba hiyo ni ya kweli, mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka. Tairi zilikuwa na kashata nzuri kabisa, ila tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT, ile iliyopigwa ubavuni mwa tairi, zilisomeka 1809, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2009. Bushi, ile mipira ya kwenye miguu ya gari, zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi.

Asubuhi ya tatu nikalikuta limeinama mbele kushoto. Baadhi ya W211, langu likiwemo, hazina springi za chuma bali mifuko ya mpira iliyojaa hewa. Mfuko ukivuja, kompresa inafanya kazi kupita kiasi kuujaza, mwisho nayo inaungua. Ukichelewa wiki chache, gharama moja inakuwa mbili. Wapo wanaong'oa mfumo wote na kufunga springi za kawaida. Siwalaumu, lakini ule ulaini uliowafanya walitamani gari ndio wanaoung'oa.

"Breki ni breki, pedi anabadilisha fundi yeyote."

Hii naomba isomwe mara mbili. Kwenye W211 zilizotengenezwa tangu 2002 hadi lilipofanyiwa maboresho mwaka 2006, mguu wako kwenye pedeli unatuma taarifa kwa kompyuta, kisha mfumo unaoitwa SBC ndio unaobana breki kwa pampu ya umeme. Bonyeza rimoti kufungua milango, halafu tega sikio: kuna mngurumo mfupi chini ya boneti. Mfumo umeamka, unajipima. Ukiamka wakati fundi ameingiza vidole kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, pistoni zinaweza kumbana vibaya. Ni lazima kwanza ulazwe kwa mashine ya kupimia gari.

Pampu hiyo pia inahesabu mara ulizokanyaga breki, na ikifika kikomo chake inakuwashia onyo kwenye dashibodi. Mfumo ukifa njiani, zinabaki breki za mbele peke yake, na pedeli inakuwa ngumu na inazama. Mercedes-Benz wenyewe waliita magari mengi kwa marekebisho mwaka 2004 na tena 2005, kisha wakauondoa mfumo huo kwenye toleo la 2006. Aliyeniuzia hakunitajia hata neno moja. Kama bado hujanunua, tafuta lililotoka baada ya mabadiliko hayo.

"Oil ya gia boksi ni ya maisha."

Si kweli. Badilisha, na weka aina inayotakiwa, si yoyote iliyopo dukani.

"Benzi kuukuu ni ugonjwa usiopona."

Wiki ya pili dashibodi yangu iliwaka maonyo manne kwa pamoja. Jirani akaniambia niuze haraka. Fundi anayeyajua magari haya alianza na betri, tena ziko mbili: kubwa nyuma kwenye buti, ndogo mbele kwenye injini. Ile kubwa ilikuwa imechoka. Ilipobadilishwa, maonyo yote yakafutika. Redio nayo haikuwa mbovu. Za Japani za miaka ile zinaishia 90 kwenye FM, kwa hiyo stesheni za juu ya hapo hazishiki mpaka ufunge kifaa cha kuzishusha.

"Ni gari la kuringia tu."

Mama yangu ana mgongo. Kwenye gari langu la zamani, tukienda Morogoro, tulisimama Mlandizi na tena Chalinze ajinyooshe. Safari ya kwanza na Benzi nilipunguza mwendo Chalinze kama kawaida, nikageuka kumuuliza kama tusimame. Alikuwa amelala, viatu amevivua, mkoba mapajani. Nikapitiliza.