Kukujua Hakutoshi: Kwa Nini Hata Mwenyeji Anakaguliwa KIA

Kuanzia katikati ya Desemba mpaka Januari inapozoeleka, kazi yetu sisi wa usalama wa anga katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro (KIA) na ukanda huu hubadilika sura. Wachaga wanarudi nyumbani kula Krismasi, wapanda mlima wanaongezeka, na vindege vya kwenda Serengeti vinaondoka Kisongo, kiwanja kidogo cha Arusha, vimejaa. Malalamiko nayo huongezeka. Nimeyasoma ya msimu uliopita karibu yote. Karibu kila mlalamikaji anaunga mkono ukaguzi, ila anaamini uliwekwa kwa ajili ya wengine.

Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake Ulaya, alimtazama kijana wetu kwenye mashine akamwambia: "Mwanangu, wewe si wa kina Massawe wa Kibosho? Bibi yako tulikuwa jumuiya moja. Leo unanivua viatu?" Kijana akajibu: "Shikamoo mama. Ndiyo mimi. Naomba na viatu." Mama aliudhika, na barua ya malalamiko ikaja. Tuliijibu kwa heshima, ila kijana hakuonywa, kwa sababu alifanya kazi yake sawasawa.

Huku kwetu kumjua mtu ni dhamana. Mtu anakopeshwa mbegu kwa sababu baba yake anajulikana, anapewa nyumba ya kupanga kwa sababu shangazi yake anasali pale. Mfumo wa usalama wa anga umejengwa kinyume chake kabisa. Ndani yake hakuna anayejulikana, na hilo halikuwekwa kwa dharau. Limetokana na watu waliokufa.

Tarehe 7 Desemba 1987, huko California, mfanyakazi wa zamani wa shirika la ndege alipanda ndege ya shirika la PSA, safari namba 1771, akiwa na bastola. Alikuwa amefukuzwa kazi lakini kitambulisho chake hakikuwa kimechukuliwa. Pale kiwanjani alikuwa mtu wa nyumbani, hivyo akapita njia ya wafanyakazi bila kukaguliwa. Watu wote 43 waliokuwamo walikufa. Tangu hapo ndipo wafanyakazi na marubani wa Marekani walipoanza kukaguliwa kama abiria, na kitambulisho kuchukuliwa siku ileile mtu anapoacha kazi. Kwa hiyo ukimwona rubani mwenye mistari minne begani anaweka mkanda wake kwenye trei, usimcheke.

Karibu na kwetu kuna Mogadishu, tarehe 2 Februari 2016. Ndege ya shirika la Daallo ilipasuka ubavuni muda mfupi baada ya kuruka, kwa bomu lililofichwa ndani ya kompyuta mpakato. Rubani alifanikiwa kuirudisha chini, na aliyekufa ni yule aliyebeba bomu. Kamera za kiwanja zilionyesha kompyuta ile ikikabidhiwa kwake na watu waliokuwa wanafanya kazi palepale kiwanjani. Mtu anayenipigia simu kuniomba "nimsaidie" mgeni wake apite haraka ananiomba, bila kujua, nifungue mlango wa aina ileile. Najua nia yake ni njema. Jibu ni hapana.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya Wazungu na Waarabu, hapa kwetu ni amani. Tarehe 26 Februari 1982, Boeing 737 ya Air Tanzania iliyokuwa safari ya ndani kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa. Ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, mpaka Stansted karibu na London, watekaji wakitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Watekaji walikuwa Watanzania, vijana wa kwetu, na abiria walikuwa watu wa kawaida waliotoka Kanda ya Ziwa na shughuli zao. Mimi sitaki kusikia tena sentensi inayoanza na "lakini hii si ni safari ya ndani tu".

Nao wa Kisongo husema: ndege yenyewe ya watu 12, nani ataiteka? Kwenye Cessna Caravan, ndege ndogo ya aina hiyo, hakuna mlango kati ya abiria na rubani. Abiria wa kiti cha mbele anaweza kumgusa bega bila kunyanyuka. Udogo wa ndege unapunguza ulinzi uliomo ndani yake, kwa hiyo ulinzi unabaki kule chini, kabla hujapanda.

Sasa nifike kwenye jambo linalotusumbua kuliko yote, nalo ni kifurushi cha mtu mwingine. "Nibebee tu hiki, kuna mtu atakupokea." Ni ungwana wetu, na basi la Moshi kwenda Dar limeishi kwa ungwana huo miaka nenda rudi. Kwenye ndege, hapana. Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India, safari namba 182, ililipuka juu ya Atlantiki karibu na Ireland, wakafa watu 329. Bomu lilikuwa kwenye begi la abiria aliyekabidhi mzigo Vancouver, kisha yeye mwenyewe asipande. Mzigo ulisafiri, mwenye mzigo akabaki. Mwaka 1988 tena, begi lisilo na mwenyewe ndani ya ndege lililipua Pan Am 103 juu ya mji wa Lockerbie, wakafa 270, kumi na mmoja kati yao wakiwa majumbani mwao.

Kutokana na hayo, kanuni ya kimataifa, iliyomo katika Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa mataifa kuhusu usafiri wa anga, ni kwamba mzigo na mwenye mzigo wasafiri pamoja. Utekelezaji wake naueleza kirefu kwa sababu ndiko watu wanakotuona wakatili. Ukishakabidhi begi, linabandikwa lebo yenye namba iliyofungwa na jina lako. Wakati wa kupanda, kila bodingi pasi inayosomwa langoni inahesabiwa. Hesabu ikionyesha abiria 71 wamepanda na mizigo ni ya abiria 72, ndege haiondoki. Jina lako linatangazwa. Usipotokea, namba ya lebo yako inapelekwa kwa wapakiaji, wanafungua tumbo la ndege na kuanza kutafuta begi moja kati ya mengi, na kwa kawaida lililokuja mapema ndilo liko ndani kabisa. Likipatikana linashushwa, karatasi ya uzito inarekebishwa, rubani anaarifiwa. Hiyo inaweza kula nusu saa. Wewe ukitokea mbio dakika ya ishirini na tano umeshika glasi ya juisi, usishangae kuambiwa mzigo umeshuka nawe unabaki nao.

Na unapoulizwa kaunta "umefunga begi mwenyewe?", jibu swali lililoulizwa. Kama mjomba alichomeka bahasha, sema. Tutaifungua mbele yako, tutaitazama, na aghalabu utaendelea na safari. Ukisema ni yako yote kisha kikutwe kisichofaa, sheria inamtazama aliyebeba.

Kuhusu mzaha wa bomu nitakuwa mkali kidogo. Tarehe 23 Novemba 1996 watu watatu waliteka ndege ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi wakisema wana bomu. Kilichokuja kujulikana ni kwamba "bomu" lenyewe lilikuwa chupa ya pombe iliyofunikwa. Waliamuru rubani aende Australia, mafuta yakaisha, ndege ikaanguka baharini karibu na Comoro. Kati ya watu 175, walikufa 125. Sisi hatuna kipimo cha kutenganisha mtani na mtekaji, kwa hiyo kila neno tunalichukua kama lilivyosemwa. Ukilitamka foleni, unatengwa na mzigo wako unatengwa. Ukilitamka ndani ya ndege, wote wanashushwa, kila abiria anaonyesha begi lake, ndege inapekuliwa kiti kwa kiti, wewe unakabidhiwa polisi wa kiwanja kwa maelezo, na kutoa taarifa ya uongo ni kosa la jinai hata kama ulikuwa unacheka. Shirika la ndege nalo linaweza kukataa kukubeba tena. Usiniambie wewe na shemeji yako mna utani wa asili. Sheria ya anga haina watani.

Mengine ni ya kupita haraka. Eksirei ya mizigo haiharibu chakula, wala ndizi zako hazibaki na mionzi. Mionzi hupita kama mwanga wa tochi, na tochi ikizimwa hakuna kinachobaki. Ule mlango unaopita wewe hauna eksirei kabisa, ni sumaku, na haugusi mimba wala nguvu za kiume, maana na hilo tumeulizwa kwa maandishi. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo, au mjamzito asiyeridhika, aseme akaguliwe kwa mkono. Mwanamke anakaguliwa na mwanamke. Mwenye hijabu, au mama wa Kimasai mwenye shanga na mapambo asiyoweza kuyavua, ana haki ya kuomba chumba cha faragha. Sime na rungu vifungwe vizuri, viende na mzigo wa chini. Mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye dumu usiibebe kabisa: inaendelea kuchacha, inatoa gesi, na dumu likipasuka huko chini suti za watu ndizo zitakazolia.

Mkulima aliyetoka kuweka mbolea shambani asiogope akipanguswa mikono kwa kitambaa cha kupimia vilipuzi huko anakounganisha ndege na mashine ikapiga kelele. Baadhi ya mbolea zina kemikali za jamii moja na za vilipuzi. Atakaguliwa upya, ataulizwa, ataeleza. Kunawa mikono vizuri kabla ya safari husaidia.

Kwa safari za kimataifa, vimiminika vya mkononi ni vyombo vya mililita 100, vyote ndani ya mfuko mmoja wa plastiki angavu wa lita moja unaofungika. Kanuni hii ilitokana na njama iliyogunduliwa London Agosti 2006, ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji kwenye chupa za vinywaji. Kipimo ni cha chombo: tyubu ya mililita 200 iliyobaki robo bado ni ya mililita 200. Asali ni kimiminika. Samli ni kimiminika. Maziwa ya mtoto na dawa vina utaratibu wake, vionyeshe mwenyewe kabla hujaulizwa. Na wanaouliza kuhusu katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019, ule mfuko wa vipodozi unaofungika unaruhusiwa kwa msafiri.

Pawabenki iwe mkononi daima, kamwe isiende chini, kwa sababu betri ikishika moto ndani ya chumba cha abiria kuna mtu wa kuizima. Kikomo ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Kama imeandikwa mAh tu, zidisha kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000: pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni Wh 74, inapita. Kati ya Wh 100 na 160 omba kibali cha shirika la ndege, na usizidishe mbili. Juu ya hapo haipandi. Isiyosomeka maandishi tunaichukua kuwa haijulikani, nayo haipandi. Waongoza watalii, wakumbusheni wageni wenu kwamba vimtungi vya gesi vya kupikia mlimani haviendi juu wala chini, hata vikiwa vimebaki robo. Vimalizeni au viacheni kabla ya kufika kiwanjani.

Nimeonyesha kwamba ndani ya uzio wa kiwanja kujuana ni tundu la kupitishia hatari. Nje ya uzio mambo yanageuka. Tarehe 28 Novemba 2002, ndege ya Arkia, shirika la Israeli, ikiwa imeruka tu kutoka Mombasa kwenda Tel Aviv na zaidi ya watu 260, ilirushiwa makombora mawili ya kubebwa begani. Yote yalikosa. Waliorusha hawakupita kwenye mashine yoyote wala kuvua viatu. Walikuwa nje ya kiwanja. Hapo eksirei zetu zote hazina kazi. Anayeweza kufanya kazi ni mtu anayeijua ile njia ya ng'ombe na anayetambua gari ambalo si la pale.

KIA imezungukwa na vijiji vya wafugaji na wakulima upande wa Hai na upande wa Meru. Najua kumekuwa na mvutano wa ardhi wa muda mrefu kati ya kiwanja na majirani, na makala hii si mahali pa kuusemea. Ninachoomba ni kidogo. Mchungaji akiona gari limeegeshwa siku mbili chini ya njia ya ndege, mtu anayehesabu ndege na kuandika, au droni inayorushwa karibu na uzio, amwambie mwenyekiti wa kitongoji au polisi siku hiyohiyo. Asimsogelee mtu huyo. Kama ni mpiga picha wa ndege tu, na wapo, tutazungumza naye na yataisha.

Mwisho, neno kwa wasindikizaji, maana tunaona familia nzima ikimleta mtu mmoja, kisha gari linawashwa mara tu anapoingia mlangoni. Mwambieni msafiri wenu awapigie simu akishavuka ukaguzi wa pili, na msiondoke kabla ya simu hiyo. Yule mama wa Kibosho alikuwa na lita nzima ya asali kwenye mkoba, na wanawe walikuwa wamefika Bomang'ombe tulipowapigia. Waligeuza gari, wakaja kuichukua.