Je, wajua kwa nini ndoo ya taka ya Mwanza huwa nzito hivyo?

Inua ndoo ya taka ya jikoni kabla haijapelekwa kizimbani, pale zinapokusanywa taka za mtaa. Humo hamna chuma wala jiwe, ila mkono unalalamika. Kinacholemea ni maji. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, mchicha nao hauko mbali, na maganda ya ndizi ni vivyo hivyo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya taka za majumbani katika miji yetu ni mabaki ya chakula, gari la taka linaloelekea dampo la Buhongwa linachoma mafuta kubeba maji yanayonuka.

Ndiyo maana ushauri wa "nunua sokoni upunguze taka" ni kweli nusu tu. Soko hupunguza vifungashio. Ukienda soko la Kirumba na kikapu chako, fungu la bilinganya halina trei wala nailoni, dagaa hupimwa kwa kopo, na mafuta ya kupima yanaingia kwenye chupa uliyotoka nayo nyumbani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini anayesahau kikapu hununua mfuko mbadala kila safari, mpaka uvungu wa kitanda unajaa. Pamoja na hayo, mboga ya sokoni huja na mizizi yake, majani yake ya nje na udongo wake. Plastiki inapungua, maganda yanaongezeka.

Maganda hayo yakisongamana ndani ya ndoo iliyofunikwa au chini ya lundo la dampo, hewa haiyafikii. Hapo hustawi vijidudu visivyohitaji oksijeni, na kazi yao hutoa ile harufu pamoja na gesi ya methani, inayoongeza joto la dunia kuliko hewa ya ukaa. Penye hewa hufanya kazi vijidudu vingine: lundo linapata joto, katikati linaweza kupita nyuzi 55, maji yanapaa kama mvuke, na kinachobaki ni mboji, kidogo na nyepesi. Siri yake ni vitu vikavu. Kwa kila ndoo ya maganda weka ndoo mbili au tatu za majani makavu, maranda ya seremala au maboksi yaliyochanwa, kisha geuza kila wiki. Likinuka, limelowa mno, ongeza maranda. Baada ya miezi miwili mitatu unapata udongo mweusi.

Kwenye vilima vya Mabatini au Igogo, ambako gari la taka halipandi, jambo hili lina uzito wake. Kinachotupwa mtaroni huko husombwa na mvua hadi Ziwa Victoria, kwa upande wa Mabatini kupitia Mto Mirongo. Naitrojeni na fosforasi zilizomo kwenye mabaki hayo hulisha magugu maji. Mbolea ileile ingelisha matembele.

Wengi watasema kwetu ni mawe matupu, utalima wapi? Kwenye viroba. Kiroba kilichojaa udongo na mboji hukaa juu ya jabali bila shida, na maji ya kuoshea mchele yanatosha sehemu ya maji kinayohitaji kwa siku. Matembele huota kwa kuchomeka vipande vya mashina. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Viroba vichache havitalisha familia, wala visikudanganye: unga na samaki bado utanunua. Faida yake ni kwamba unachuma majani ya mlo wa leo tu, hivyo hakuna fungu linalonyaukia jikoni. Wasukuma walilitatua tatizo hilohilo kwa viazi vitamu zamani, kwa kuvikausha viwe michembe na matobolwa.

Mifupa na magamba ya sangara usiyachanganye kwenye lundo la wazi, paka na panya watalifukua usiku huohuo. Yafukie chini kabisa ya kiroba kipya kabla ya kujaza udongo. Yana fosforasi na kalsiamu, na mizizi itayafikia yenyewe.