Je, Wajua Kwa Nini Luxembourg Haikosi Kileleni mwa Orodha ya Nchi Tajiri?

Kila orodha ya nchi tajiri duniani inapotolewa, Luxembourg huwa ya kwanza au karibu na hapo. Gawanya Pato la Taifa kwa idadi ya wakazi, na kila mmoja anaangukiwa na zaidi ya dola 120,000 za Marekani kwa mwaka, mtoto mchanga akiwemo. Wengi wakiiona namba hiyo huwaza moja kati ya mawili: ama kila mtu huko ni milionea, ama nchi nzima ni kasha la kufichia fedha za matajiri wa kwingine. Utajiri upo, hilo halina ubishi, na benki zina mchango wake. Lakini sababu kubwa ya namba kupaa kiasi hicho hupita barabarani na relini kila asubuhi.

Luxembourg ina kilomita za mraba 2,586 tu, imebanwa kati ya Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Wakazi wake ni kama 680,000, karibu nusu yao raia wa kigeni, Wareno wakiwa kundi kubwa zaidi. Kwa udogo huo, hakuna kijiji kilicho mbali na mpaka. Anayelala Thionville upande wa Ufaransa, Arlon upande wa Ubelgiji au Trier upande wa Ujerumani anaweza kuamkia kazini jijini Luxembourg na kurudi kwake jioni. Watu zaidi ya 220,000 wanaishi hivyo, zaidi ya nusu yao wakitokea Ufaransa. Kati ya waajiriwa wote nchini, karibu nusu hawalali humo.

Hapo ndipo hesabu inapopinda. Pato la Taifa hupima thamani ya kila kinachozalishwa ndani ya mipaka, bila kujali aliyekizalisha analala wapi. Idadi ya watu huhesabu wanaolala ndani ya mipaka, bila kujali wanafanya kazi wapi. Kwa nchi nyingi tofauti hiyo ni ndogo mno. Kwa Luxembourg ni kubwa ajabu.

Fikiria nyumba yenye tanuri la mikate uani. Humo wanaishi watu watano: baba, mama na watoto watatu. Wazazi wanaoka, na vijana wawili wa nyumba za jirani huja alfajiri kusaidia. Ukitoa gharama ya unga na kuni, tanuri linaingiza shilingi 100,000 kwa siku. Mhesabu anapita, anagawa kwa watu watano waliomo, anaandika 20,000 kwa kila mtu. Hakuandika uongo. Ila vijana wale wameondoka na ujira wa 40,000, ambao unalisha watoto wa nyumba nyingine. Halafu tanuri lenyewe lilijengwa kwa mtaji wa mtu wa mjini, naye anachukua 10,000. Kilichobaki ndani ni 50,000, yaani 10,000 kwa kila mtu, nusu ya kilichoandikwa. Wale vijana wameongeza kinachogawanywa, lakini kwenye idadi ya wanaogawiwa hawamo.

Luxembourg inafuata mkondo huo huo. Mishahara ya wanaovuka mpaka, pamoja na faida za wawekezaji wa kigeni, huondoa karibu theluthi moja ya thamani inayozalishwa nchini. Takwimu za Umoja wa Ulaya zinaonyesha pengo hilo wazi: pato la Luxembourg kwa kila mtu ni zaidi ya mara mbili ya wastani wa Umoja, lakini ukipima kile ambacho kaya zinatumia hasa, nchi hiyo inauzidi wastani kwa theluthi moja na ushei. Bado ni nafasi ya juu sana, ila ni utajiri wa kiwango kingine kabisa.

Kazi zenyewe zilianzia kwenye chuma. Mawe ya kusini mwa nchi yalikuwa na chuma kilichojaa fosforasi, na chuma cha pua kilichotokana nayo kilivunjika ovyo. Njia ya kuiondoa fosforasi ilipoingia nchini mwaka 1879, eneo lile likageuka msitu wa matanuri, na hata mabaki ya kuyeyushia yakauzwa kama mbolea. Msukosuko wa miaka ya 1970 ulipoiangusha biashara hiyo, benki na mifuko ya uwekezaji, yaani fedha za watu wengi zinazokusanywa na kuwekezwa kwa pamoja, zilikuwa tayari zinakua, na leo Luxembourg ni ya pili duniani kwa mifuko hiyo, nyuma ya Marekani. Huko Belval, kusini mwa nchi, matanuri mawili makuu ya zamani bado yamesimama, na chuo kikuu kimejengwa chini yake.

Ugawaji huo huo kwa idadi ya wakazi huwapa pia watu wa Luxembourg sifa mbaya wasiyostahili. Mafuta ya gari, sigara na pombe vina kodi nafuu kuliko kwa majirani, hivyo madereva wa nje hujaza matangi na mabuti kabla ya kurudi kwao. Pale Martelange, upande mmoja wa barabara ni Ubelgiji, na upande wa pili, wa Luxembourg, vituo vya mafuta vimepangana kama maduka ya sokoni. Kila lita inayouzwa pale huandikwa kwa wakazi wa Luxembourg, na wao huonekana wavutaji, wanywaji na wachafuzi wa hewa kupita kiasi.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote. Nyumba Luxembourg ni ghali kiasi kwamba baadhi ya wenyeji huhamia vijiji vya Ujerumani au Ubelgiji na kuendelea na kazi zao zile zile. Meza ya ofisini haijabadilika, mshahara haujabadilika, na Pato la Taifa linabaki lilivyokuwa. Ila mkazi mmoja amepungua kwenye hesabu, kwa hiyo pato la kila mtu linapanda: aliyeshindwa kumudu nyumba nchini mwake ameifanya nchi hiyo ionekane tajiri zaidi.