Nyaya zimepita juu ya kijiji, mbona umeme hatuna?

Kuanzia bwawa la umeme la Kidatu, Morogoro, hadi Dar es Salaam, wanaoishi karibu na minara ya chuma wamesema kwa miaka mingi kwamba umeme unawapita juu na wao wananyimwa tu, kwani kinachotakiwa ni fundi wa kushusha waya. Uchungu huo ni wa haki. Maelezo ya waya ndiyo yasiyo sahihi.

Njia ile ya umeme ina msongo (nguvu ya kusukuma umeme, ipimwayo kwa volti) wa kilovolti 220, yaani volti 220,000. Taa ya nyumbani inataka 230. Itazame minara kwa karibu: kila waya unaning'inia kwenye mnyororo mrefu wa sahani za kuhami, ili umeme usirukie chuma. Msongo unapandishwa hivyo kwa sababu ya umbali. Ukiuongeza mara 10 huku ukisafirisha umeme uleule, mkondo (kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya) unapungua mara 10, na nguvu inayopotea kwa joto ndani ya waya hupungua mara 100.

Kuushusha kunahitaji kituo kizima cha kupoza umeme, chenye transfoma kubwa na mitambo ya kinga. Gharama yake ni kubwa mno kwa kijiji kimoja. Kutoka hapo njia za kilovolti 33 au 11 huelekea vijijini, na transfoma ndogo juu ya nguzo humalizia kazi. Kwa hiyo kijiji kilicho mbali na minara kinaweza kuwaka kabla ya kilicho chini yake.

Lawama ya kuchelewa ielekezwe kwenye bajeti na mipango: Sheria ya Nishati Vijijini ilitungwa 2005, wakati Kidatu ilishazalisha umeme tangu 1975.